Nimeokoka lakini naishi kwa kugema: mtu anaweza kuonja bila kunywa?

#1 MgemaGanda
Salamu wadau. Mwaka mzima nimekuwa nikisoma tu hapa, leo imebidi niandike.

Mimi ni mgema upande wa Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi. Minazi 14, si yangu, ni ya mjomba. Kuna siku zake na siku zangu. Napanda alfajiri, napanda tena jioni. Baba alikuwa mgema, babu alikuwa mgema, na mimi nilianza kunywa nikiwa na miaka 16. Mwaka 2021 niliokoka, nikabatizwa baharini pale Mayungu, na siku ile ile nikaacha kunywa. Kugema sikuacha.

Sasa wasiojua kazi hii niwaambie: mgema asiyeonja hauzi. Tembo likiingia maji ya mvua, au kibuyu kikiwa hakikusuguliwa vizuri, mteja wa kwanza atakutangazia mangwe nzima, yaani kilabu chote cha tembo. Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikionja na kutema. Wiki tatu zilizopita nilikuwa juu ya mnazi wa nane, jua linazama, peke yangu. Nikaonja, nikameza. Halafu nikakimaliza kibuyu chote huko huko juu. Nilishuka vidato nikiwa nimeukumbatia mti kama mtoto aliyeng'ang'ania mguu wa mamake.

Tangu hapo imetokea mara mbili tena. Mke hajui. Kanisani hawajui, na Desemba natakiwa niwekewe mikono kuwa shemasi. Mchungaji msimamo wake tangu zamani ni mmoja: kazi hiyo iache. Nina watoto watatu, mmoja yuko sekondari.

Nauliza: dhambi yangu ni kumeza, au ni kugema? Na kama ni kumeza peke yake, nitajizuia vipi na mimi kila jioni niko juu na kotama, kisu cha kugemea, mkononi?

#2 Bwana_Sabaki
Iache. Soma Yeremia 35. Warekabu hawakukatazwa kunywa divai tu, baba yao Yonadabu aliwakataza hata kupanda mizabibu. Nabii akawawekea mabakuli yamejaa divai ndani ya nyumba ya Bwana, wakakataa. Hawakusema "sisi tutapanda, tutauza, ila hatutakunywa." Walijua shamba ndilo linalomleta mtu kwenye bakuli.

#3 MamaKadzo
@Bwana_Sabaki karo ya huyo mtoto wa sekondari utalipa wewe?

Luka 3: watoza ushuru na askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakamuuliza wafanye nini. Kazi zilizochukiwa kuliko hizo hakukuwa. Yohana hakumwambia hata mmoja aache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi, wasidhulumu, watosheke na mshahara. Kugema ni jasho la halali. Kaka, dhambi yako ni kumeza, na hata hiyo si ya kukutoa duniani.

#4 MtuWaBara
Samahani, mimi ni wa Eldoret, nimesoma mara mbili. Tembo mnampandia mnazini? Anafikaje huko juu?

#5 Kotama
@MtuWaBara 😂😂 Tembo wa Tsavo ni mwingine, huyo hapandi. Hili ni tembo la mnazi, pombe. Na ukifika kwa Wagiriama usishtuke mzee akikukaribisha "uchi". Kwa Kigiriama uchi ndio pombe. Shemeji yangu wa Murang'a alivyoambiwa kwamba mahari ya kwetu haiendi bila uchi alitaka kurudi na basi la jioni.

#6 NesiMuyeye
Mimi sina aya, nina swali. @MgemaGanda hizo siku ambazo hukunywa, asubuhi mikono inatetemeka? Jasho, kukosa usingizi, moyo kwenda mbio? Kama umeanguka mara tatu ndani ya wiki tatu, huenda hapana. Ila kama ni zaidi ya hizo ulizotuhesabia (nisamehe, wagonjwa wote huhesabu kidogo), usijifungie chumbani ukaacha ghafla peke yako. Mnywaji wa kila siku akiacha kwa mkupuo anaweza kupata degedege, na wengine hufa. Nenda zahanati useme ukweli.

Watu huku wanaona tamaa tu. Mwili uliokunywa tangu miaka 16 una kumbukumbu zake. Harufu ile ile, saa ile ile, jua lile lile likizama, na mwili unajiandaa kabla roho haijaulizwa.

#7 MwanaRabai
Naongezea kwa MamaKadzo. Kuna mfano ulio karibu zaidi kuliko watoza ushuru: Naamani, jemadari wa Shamu, 2 Wafalme 5. Ametakaswa ukoma, ameapa hatatoa tena sadaka kwa miungu mingine. Halafu anamwambia Elisha: bwana wangu mfalme akiingia nyumba ya Rimoni, mungu wao, kuabudu huniegemea mkono, na mimi huinama, Bwana anisamehe kwa hilo. Yaani anaomba ruhusa ya jambo linalohusu kazi yake. Elisha hakumhubiria. Alimjibu aende kwa amani.

Nimehubiriwa miaka 40 na sijasikia mahubiri ya mstari huo.

#8 Bwana_Sabaki
Hujayasikia kwa sababu Naamani alikuwa mchanga wa imani, siku ya kwanza. Huyu anataka kuwa shemasi! Soma Matendo 19, wachawi wa Efeso walioamini walileta vitabu vyao wakavichoma mbele ya watu wote. Thamani yake ikapigiwa hesabu, vipande 50,000 vya fedha. Hawakuviuza kwa bei ya hasara wakapeleka sadaka.

#9 MamaKadzo
Waliokuwa na vitabu vya 50,000 walikuwa na akiba nyumbani. Huyu ana kotama na vibuyu 14, tena minazi ya mjomba. Tofautisheni.

#10 Kotama
Sasa niseme kwa uzito, maana jina langu ndilo hili na baba yangu alikuwa mgema Kakuyuni mpaka alipoanguka mwaka 1998 akavunjika nyonga.

Nyote mnazungumzia pombe. Mimi nadhani shida yenyewe ni kimo. Juu ya mnazi hakuna mtu. Chini una mke, watoto, jirani, mchungaji, mjomba anayehesabu chupa. Ukishafika kwenye makuti umetoka duniani. Upepo, bahari kule mbali, na kibuyu. Baba alikuwa akisema kwamba mambo yote aliyoyafanya maishani na kuyajutia aliyawazia kwanza mnazini. Ungekuwa seremala, ungekuwa na siri yako ya seremala.

Na kuhusu kuonja: mzee yule miaka yake ya mwisho meno yalimsumbua akaacha kuonja kabisa. Alitumia pua na sikio. Tembo lililoanza kuchacha linasikika, lina mchemko mdogo ukiweka kibuyu sikioni. Na povu lake lina rangi. Kwa hiyo hilo la "mgema asiyeonja hauzi", ndugu yangu, ni desturi tu. Nakuuliza kwa upendo: unaonja kwa ajili ya mteja, au mteja ndiye kisingizio?

#11 MamaKadzo
Haya, huyo ndiye Kotama. Unacheka naye posti ya tano, ya kumi anakukata.

#12 BinMambrui
Assalamu alaikum jamaa, napita tu, mimi Mwislamu. Kwetu suala hili limeshafungwa: katika hadithi ya Mtume aliyelaaniwa si mnywaji peke yake, yumo anayekamua, anayebeba, anayebebewa, anayeuza, na anayekula thamani yake. Watu kumi. Kwa hiyo @Bwana_Sabaki leo wewe na mimi tumekaa mkeka mmoja, sijui utajisikiaje.

#13 Bwana_Sabaki
@BinMambrui nasogea kidogo mkekani, karibu 😄

#14 KatekistaMalindi
Nimesoma yote. Nyinyi ndugu zetu wa kiroho mnasema "majaribu", sisi Wakatoliki tunasema "kishawishi". Katika Baba Yetu yenu ni "usitutie majaribuni", yetu ni "usitutie katika kishawishi". Kigiriki ni neno moja, peirasmos, linalobeba maana zote mbili. Kiswahili kikaligawa, na nahisi mgawanyo huo ndio unaofanya tugombane hapa.

Jaribu ni mtihani: mtu anapimwa, anatakiwa asimame. Kishawishi ni kitu kinachokuvuta, na Yakobo 1:14 inasema kinachovuta ni tamaa ya mtu mwenyewe. Ukiita hali ya MgemaGanda "jaribu", utamwambia vumilia, kaa pale pale, utashinda. Ukiiita "kishawishi", utamwambia ondoka. Yusufu alipovutwa nguo na mke wa Potifa hakusimama kuthibitisha imani yake. Aliacha vazi mkononi mwa yule mama akakimbia nje.

#15 MpishiWatamu
Hilo la Katekista limenigusa kwa sababu mbili.

Kwanza, mimi huenda Misa ya Kiitaliano, nimekaa na Waitaliano jikoni miaka 19, sala zao nazijua kuliko zetu. Walikuwa wakisali "non ci indurre in tentazione", usitutie kishawishini. Mwaka 2017 Papa Fransisko alisema kwenye televisheni kwamba tafsiri hiyo si nzuri, Baba hamsukumi mwanawe aanguke. Na mwishoni mwa 2020 Misale yao, kitabu cha Misa, ikabadilika, sasa wanasali "non abbandonarci alla tentazione", yaani usituache kishawishini. Wazee wengine bado wanasahau, wanasali ile ya zamani kwa sauti kubwa halafu wanatazamana.

Ukisali "usituache", ina maana kishawishi tayari umo ndani yake. Huombi usifike. Unaomba usiwe peke yako ukiwa humo. Nadhani ndiyo sala ya mtu aliye juu ya mnazi wa nane.

Pili, la kwangu. Mwaka 2016 mama mmoja mgeni, mjane, umri wa mama yangu, alinitaka. Aliniahidi nyumba Casuarina, pikipiki, baadaye safari ya Ulaya. Nina mke, ndoa ya kanisani. Mnadhani nilikimbia kama Yusufu? Nilikaa miezi minne nikimpelekea kahawa na kutabasamu. Sikufanya kitu, lakini pia sikusema hapana. Nilikuwa nimeiacha nafasi wazi kama mlango wa duka. Aliyeniokoa si imani, ni msimu uliisha akarudi kwao. Mpaka leo sijui nihesabu kwamba nilishinda au vipi.

#16 MtuWaBara
Pikipiki aina gani?

#17 MamaKadzo
@MtuWaBara wewe nawe!

#18 TsaweWaKaya
Wajukuu, shikamooni hamnipi, basi nawasalimu mimi.

Mmemaliza Biblia yote na hakuna aliyeuliza la kwanza. Huyu kijana baba yake alikuwa mgema, babu yake mgema. Tembo la kwanza walikuwa wakilimwaga chini kwa ajili ya koma, roho za wazee waliokufa, kisha ndipo wakauza. Yeye ameokoka mwaka 2021. Je, ameendelea kumwaga? Hajaendelea. Basi wanamkumbusha. Wanaokunywa kile kibuyu huko juu si yeye peke yake.

Sisemi arudi kaya, kwenye msitu wa matambiko. Nasema mtu akivunja ahadi na wazee wake aende akaage. Mekatilili wa Menza, yule mama aliyeongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, mwaka 1913 aliwaapisha watu wetu kiapo, akahamishwa, akafungwa, na bado akarudi nyumbani kwa miguu kutoka kule Kisii. Sanamu yake iko pale bustanini Malindi mnapiga picha nayo. Kiapo ni kiapo. Hata huo ubatizo wenu ni kiapo.

#19 Bwana_Sabaki
Shikamoo mzee, kwa heshima nakukatalia. Hizo koma unazozitaja ndizo zinazofungwa kwa jina la Yesu. Kama ni roho ya ukoo, dawa ni maombi na mfungo. @MgemaGanda chukua siku 40, kavu, uvunje hiyo madhabahu.

#20 JiraniLangobaya
Hapana. Hapana kabisa. Hiyo post 19 ningeomba msimamizi aiondoe.

Natoka Langobaya. Msitu wa Shakahola ni jirani zetu. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 imefukuliwa pale, watu walioambiwa wafunge wapate kumwona Yesu. Wengine tuliwahi kuwauzia mahindi. Mtu akiwa na aibu moyoni, hana wa kumwambia, halafu atokee mwenye sauti ya uhakika amwambie usile, atafuata. Hapo ndipo ilipoanzia: kwa mtu mwenye siri na aibu, anayetafuta adhabu ya kutosha.

#21 Bwana_Sabaki
Nafuta neno "kavu". Nafuta na 40. Sikufikiria. Samahani ndugu wa Langobaya, na poleni.

#22 NesiMuyeye
Asante @JiraniLangobaya. Na kitabibu: mtu anayeacha pombe anahitaji maji na chakula kuliko siku nyingine zote.

#23 MzeeWaKumbukumbu
Mmetaja viapo. Malindi ina kisa cha mbatizwa aliyeanguka, kikubwa kuliko vibuyu 14. Mfalme wa Malindi, Yusuf bin Hasan. Wareno walimchukua mtoto baada ya babake kuuawa, wakampeleka Goa kule India, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Augustino, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia. Mwaka 1626 akarudishwa kutawala. Agosti 1631 akaingia Ngome ya Yesu (Fort Jesus) pale Mombasa, akamuua kapteni wa Kireno, akaukana Ukristo. Wakristo zaidi ya mia moja waliuawa siku zile, Wareno na Waafrika pia. Wengi walipewa nafasi ya kuikana imani wakakataa.

#24 BinMambrui
Mzee wangu, masahihisho mawili. Hakuwa mfalme wa Malindi tu. Ukoo wake ni wa Malindi, lakini Wareno walishawahamishia Mombasa, na yeye alitawala akiwa Mombasa. La pili: "aliyeanguka" kwa nani? Kwetu sisi huyo hakuanguka, alirudi. Alichukuliwa mtoto mdogo, babake kauawa. Ubatizo wa aina hiyo hata nyinyi mngeuuliza maswali.

#25 MzeeWaKumbukumbu
La kwanza nakubali, nimeandika haraka. La pili ni la kwako na Mungu.

#26 MwanaRabai
Lakini kuna kipengele kinachomhusu MgemaGanda, ndiyo maana siwafukuzi. Masimulizi ya Wareno yanasema Yusuf alionekana usiku kaburini kwa babake akisali kwa Kiislamu. Habari zikamfikia kapteni. Akajua atakamatwa. Ndipo akapiga yeye kwanza. Maana yake miaka mitano alikuwa Dom Jerónimo mchana na Yusuf usiku. Siri yake ilivuja kabla hajaamua mwenyewe aitoe namna gani, na watu wakafa.

Sisemi wewe utaua mtu. Nasema siri ya kibuyu ina siku yake ya kuvuja, na Desemba iko karibu.

#27 Kotama
MwanaRabai umetoka mnazini ukafika Goa ukarudi na gari la mwisho, hongera.

Nirudi kwenye vitendo. @MgemaGanda fanya biashara nyingine na minazi ile ile. Utomvu ukitoka kwenye karara hauna pombe, ni sukari na maji. Pombe inaanza kwa sababu ya chachu iliyomo kibuyuni: kibuyu cha jana kina chachu ya jana. Badilisha chombo, kisafishe kwa maji ya moto, paka chokaa kidogo ndani, kusanya asubuhi na mapema, chemsha hapo hapo. Wahindi wanafanya hivyo miaka mingi. Unapata asali ya mnazi, ukiendelea unapata sukari guru. Ila nisikudanganye: lita saba au nane hivi kwa kilo moja ya sukari, na kuni zake utalia. Au acha lichache mpaka mwisho uuze siki. Mahoteli ya Watamu yananunua siki.

#28 MpishiWatamu
Siki ya mnazi nzuri nitanunua mimi mwenyewe. Iwe safi, isiwe na mdudu.

#29 Bwana_Sabaki
Kwa faida ya mjadala tu: Hesabu 6, Mnadhiri, mtu aliyejiweka wakfu kwa Mungu, haruhusiwi hata siki ya divai. Wala zabibu kavu.

#30 MamaKadzo
Jamani! Mtu amefika kwenye siki na bado hajaokoka!

#31 KatekistaMalindi
@Bwana_Sabaki na Mnadhiri pia hanyoi nywele. Tutume picha yako.

#32 Bwana_Sabaki
😂 Nina upara. Nimeshindwa.

#33 DadaWaMoyo
Salaam. Sisi Wakatoliki tuna chama cha Pioneer, kilianzia Dublin mwaka 1898, wanachama hawanywi kabisa maisha yao yote na huvaa nishani ya Moyo Mtakatifu. Mimi nimo. Baba yangu alikufa kwa chang'aa, ndiyo sababu yangu, si utakatifu.

Nimejifunza kitu kimoja: nishani hainizuii kunywa. Inafanya watu wasinikaribishe. Kwenye harusi mtu akiona nishani anapitisha glasi kwa mwingine. @MgemaGanda miaka minne ulikuwa umeacha na watu wote walijua, kwa hiyo chini hakuna aliyekupa. Juu hakuna anayejua. Kotama amelisema hilo kwa jina la kimo.

#34 MgemaGanda
Nimesoma zote, asanteni. Samahani nimenyamaza siku mbili, bando liliisha.

@NesiMuyeye si mara tatu. Ni tano. Mikono haitetemeki. Ijumaa nitakuja zahanati, utanijua kwa aibu.

@Kotama lile swali la kisingizio nililisoma nikiwa nimekaa chini ya mnazi wa nane. Sitalijibu hapa. Chokaa nimenunua. Jaribio la kwanza nilichemsha kwenye sufuria ya mke wangu ikaungua chini, sasa kesi ya sufuria imetangulia kesi ya tembo.

@TsaweWaKaya shikamoo. Babu ni kweli alikuwa akimwaga la kwanza. Mimi siwezi. Lakini kaburi lake sijalifyeka tangu nilipookoka, nilidhani kulifyeka nalo ni ushirikina. Hilo nitafanya.

Mke nilimwambia jana usiku. Nilianza na hadithi ya Yusuf bin Hasan, akanikatiza akasema, "Umekunywa." Alijua tangu siku ya kwanza. Anasema nilikuwa nikishuka mnazini nikinukia tofauti, na nikiomba chakula mezani kwa maombi marefu. Hakusema kwa sababu alikuwa akingoja niseme mimi.

Mchungaji bado. Na kuna jambo jipya: mama mkwe ana matanga Jumamosi, wazee wanataka kadzama, tembo lao la heshima, na wameshasema itoke kwangu. Nikikataa nimemvunjia heshima mke ambaye ndio kwanza amenisamehe. Nikikubali, wiki hiyo hiyo niende kwa mchungaji na habari gani?

#35 Bwana_Sabaki
Usipeleke. Nunua soda kreti tatu.

#36 MamaKadzo
Soda kwa wazee wa matanga 😂😂 Utazikwa wewe. Peleka kadzama yao, wewe usikae pale penye mrija. Nipo tayari kukuombea kuanzia leo.

#37 TsaweWaKaya
Shikamoo nimeipokea, marahaba. Kadzama ni heshima, si ulevi. Mpe kaka wa mkeo aibebe.

#38 KatekistaMalindi
Mimi naona aende kwa mchungaji kabla ya Jumamosi, si baada. Na hilo la shemasi aliombe mwenyewe lisogezwe. Akilisogeza yeye, hakuna wa kumvua.

#39 MwanaRabai
Na akisogeza kanisa zima litauliza kwa nini. Katekista, kwenu kitubio kina pazia. Kwao hakina.

#40 KatekistaMalindi
Hilo sina jibu lake.

#41 MgemaGanda
Mchungaji nimempigia, tunaonana Alhamisi jioni, saa ambayo ningekuwa mnazini. Kadzama bado tunajadili nyumbani. Kesho alfajiri napanda kama kawaida, vibuyu saba vya chokaa, saba vya kawaida.

#42 Kotama
Kiweke sikioni kwanza. Ukishuka utuambie.

#43 MgemaGanda
Nimeshuka. Nilisikiliza vyote 14, kweli vinasikika. Cha mnazi wa nane sikuwa na hakika nacho nikakishusha hivyo hivyo. Mke wangu, mwanakwaya mwenyewe, amechovya kidole akaonja. Anasema bado ni tamu. Kisha akachovya tena.

#44 MamaKadzo
Kisha akafanya nini???